Uzi: Kutumia kuvu rafiki kulinda mbao zisioze wala kuingia weusi (mbao za mwembe, paini na mnazi hapa Mtwara)

FundiMikindani

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi seremala hapa Mikindani. Ninaleta uzi huu kwa sababu ya hasara niliyoipata mwezi Februari mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea. Nilinunua magogo mawili ya mwembe kwa jirani aliyekuwa anapisha miche mipya ya mikorosho, nikayapasua siku ya tatu baada ya kuangushwa, kisha nikazipanga mbao bandani nikisubiri zikauke. Haikutimia wiki mbili zikawa zimeingia michirizi ya kijivu na samawati iliyokolea, ikianzia vichwani mwa mbao na kuelekea ndani. Niliranda nikidhani ni ukungu wa juu tu, lakini kila nilipoondoa tabaka moja nilikuta rangi ileile chini yake. Mteja aliyeagiza kabati alizikataa mbao zile, wala sikumlaumu.

Nimekuwa nikisikia kila aina ya ushauri. Wapo wanaosema nipake mafuta machafu ya gari, jambo ambalo siwezi kulifanya kwenye mbao ya kabati la nguo. Wapo wanaosema nitumie dawa za kemikali, lakini banda langu liko hatua chache kutoka kisima tunachotumia majirani wote. Wiki iliyopita, nikiwa kwenye duka la pembejeo mjini Mtwara, niliona unga wa kuvu iitwayo Trikoderma, unaouzwa kwa wakulima wa nyanya ili miche isioze mizizi. Muuzaji aliniambia kwamba kuvu hiyo inakula kuvu nyingine. Hapo ndipo nilipojiuliza: kama inalinda mizizi ya nyanya, je, haiwezi kulinda ubao wa mwembe? Naomba wenye elimu na wenye uzoefu wanieleze kwa kina, kwa sababu magogo mengine matatu yananisubiri na sitaki kurudia kosa.

Msitu_Rondo

Fundi, pole sana kwa hasara hiyo. Nilisomea misitu na nimefanya kazi miaka kadhaa katika misitu ya uwanda wa Rondo, hivyo niruhusu nijibu kwa urefu, kwa kuwa swali lako lina majibu mawili tofauti na watu wengi huyachanganya.

Weusi uliouona haukuwa uozo. Kuvu za madoa hula sukari na wanga uliobaki kwenye sehemu nyeupe ya mti, ile iliyo karibu na gome, na haziwezi kubomoa ubao wenyewe kama zinavyofanya kuvu za kuozesha. Rangi inatokana na melanini, yaani rangi nyeusi ya asili, iliyomo kwenye nyuzi za kuvu zinazopita ndani ya ubao, ndiyo maana randa haikukusaidia. Ubao wa namna hiyo bado unaweza kubeba mzigo wa kawaida wa paa, ingawa hupunguza uwezo wa kuhimili kishindo cha ghafla na hunyonya maji kwa urahisi zaidi kuliko ubao safi, jambo linaloufungulia mlango uozo wenyewe baadaye. Uozo ni kazi ya kuvu za aina nyingine: zipo zinazokula selulosi, yaani nyuzi za ubao, na kuacha ubao wa kahawia unaopasukapasuka vipande vya mraba, na zipo zinazokula pia lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi hizo, na kuacha ubao mweupe wenye nyuzinyuzi laini.

Katika nchi za joto, moja ya kuvu kubwa za madoa ni Lasiodiplodia theobromae. Watu wa Mtwara na Lindi wanaifahamu hata kama hawajui jina lake, kwa kuwa ndiyo inayoozesha embe kuanzia kwenye kikonyo na ndiyo inayokausha matawi ya mkorosho kuanzia nchani. Inastawi vizuri kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, ambalo ndilo joto letu la masika. Kwa maneno mengine, Fundi, ulipasua mwembe katikati ya shamba la miembe na mikorosho, msimu wa mvua, baada ya gogo kulala chini siku tatu. Kuvu ilikwisha kuingia kabla msumeno haujagusa gogo.

Sasa nije kwenye kuvu rafiki. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alionyesha kwamba Trikoderma huzizingira nyuzi za kuvu nyingine na kuziua. Huko Uingereza, John Rishbeth aligundua kwamba visiki vya misonobari vilivyokatwa vikipakwa mara moja spora (chembe za uzazi) za kuvu iitwayo Phlebiopsis gigantea, basi kuvu nyingine hatari ya kuozesha mizizi, Heterobasidion annosum, haipati nafasi ya kuingia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1963, na mpaka leo njia hiyo inatumika kibiashara katika misitu ya Ulaya. Phlebiopsis yenyewe inaozesha kisiki, lakini kisiki hakina kazi tena, na huo ndio uzuri wake: kuvu hii inaruhusiwa kula kile ambacho hatukihitaji ili mizizi ya miti jirani ibaki salama.

Kwa upande wa madoa, Wamarekani walitengeneza aina ya Ophiostoma piliferum isiyo na rangi. Kwa asili kuvu hiyo ni mojawapo ya zinazotia mbao weusi, lakini walipata uzao usiotengeneza melanini, kisha wakauuza kwa jina la Cartapip, kwanza kwa ajili ya vipande vya mbao vya viwanda vya karatasi. Inakula sukari ileile ambayo kuvu nyeusi ingeikula, inafika kwanza, inamaliza chakula, na ubao unabaki mweupe. Kati ya mbinu zote za fani hii, hiyo ndiyo ninayoistahi zaidi, kwa sababu inamshinda adui kwa ndugu yake wa damu.

Trikoderma hufanya kazi kwa njia kadhaa kwa pamoja. Inakua haraka na kuwahi chakula, inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za kuvu nyingine, na inatoa kemikali, nyingine zikiwa za mvuke, zinazowazuia wapinzani. Lakini nakuonya mapema: spora zake ni za kijani. Usishtuke mbao zikiota unga wa kijani juu. Rangi hiyo hukaa juu ya ubao na huondoka kwa randa, tofauti na ile ya samawati.

Masharti ni matatu, na la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Lazima iwahi. Ikipakwa siku ileile gogo linapokatwa, kwenye vichwa na popote gome lilipobanduka, na kisha tena kwenye mbao siku ileile zinapopasuliwa, ina nafasi ya kushinda. Ikipakwa siku ya tatu unampelekea mlinzi nyumba iliyokwisha kuvunjwa. La pili, ni kiumbe hai: usiichanganye na dawa ya kuua kuvu, usitumie bomba la kupulizia lililotoka kwenye dawa ya mikorosho bila kulisuuza vizuri sana, tumia maji yasiyo na klorini, na upulize jioni kwa sababu jua kali huua spora. La tatu, haikuondolei kazi ya kukausha. Ubao ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu hauozi na hauingii madoa, uwe na kuvu rafiki au usiwe nayo. Kuvu rafiki inakulindia zile wiki chache za hatari kati ya msumeno na ukavu, basi.

MamaUyoga_Masasi

Samahani wakuu, nimesoma mpaka mwisho na moyo umenidunda. Mimi na kina mama wenzangu tunalima uyoga wa mamama hapa Masasi, na adui yetu mkubwa, anayetuamsha usiku, ni huo ukungu wa kijani mnaousifu. Trikoderma ikiingia kwenye mfuko wa uyoga, mfuko huo umekwisha. Ndani ya siku chache unageuka kijani wote na huwezi kuvuna chochote. Tumewahi kupoteza mifuko ya banda zima, na baada ya hapo ilitubidi tuanze upya kabisa, kuanzia kuchemsha vifaa hadi kupaka chokaa ukutani.

Kwa hiyo naomba mzungumzie na hilo. Sisi tunanunua vumbi la mbao kwa mafundi seremala kama Fundi wa Mikindani. Fundi akianza kupulizia Trikoderma kwenye mbao zake kisha akaniuzia vumbi na maranda yake, atakuwa ameniuzia ugonjwa. Sipingi mbao kulindwa bila sumu, kwa maana hata mimi nina watoto wanaocheza kwenye vumbi. Ninachoomba ni kwamba jambo jema kwa mmoja lisiwe msiba kwa mwingine kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Msitu_Rondo

Dada, umenena jambo ambalo nilipaswa kulisema mwenyewe. Ni kweli kabisa kwamba Trikoderma ni janga kwa wakulima wa uyoga, na sababu ni ileile inayoifanya ifae kwa mbao: uyoga wa mamama ni kuvu ya kuozesha mti, kwa hiyo kwa Trikoderma hakuna tofauti kati ya uyoga wako na kuvu inayokula boriti. Trikoderma iko tayari kwenye udongo wetu wote, hivyo haiwezi kuletwa upya Masasi, lakini kiasi cha spora ndicho kinacholeta tofauti, na kupulizia kwenye banda la mbao kunaongeza kiasi hicho mara nyingi.

Ushauri wangu ni huu. Vumbi na maranda ya mbao zilizopuliziwa yasiuzwe kamwe kwa wakulima wa uyoga, yapelekwe kwenye tanuri la matofali au yachomwe. Fundi ahifadhi magunia mawili tofauti na ayaandike. Anayepulizia avae barakoa na abadilishe nguo kabla ya kwenda kwenye banda la uyoga, na banda la uyoga lisiwe upande upepo unakoelekea kutoka banda la mbao. Hapa kwetu maana yake ni kuangalia pepo za kusi na kaskazi, kwa sababu mahali palipo salama mwezi Julai huenda pasiwe salama mwezi Januari.

NahodhaMsimbati

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa vyombo, nimeunda na kukarabati mashua Msimbati kwa muda mrefu, na marehemu baba yangu kabla yangu. Nimefuatilia mjadala huu kwa heshima, ila ningependa kuongeza yale ambayo wazee wetu walikuwa wakiyafanya, kwa sababu naona yanakaribiana na maelezo ya ndugu yetu wa Rondo.

Wazee walikuwa wakiyazamisha magogo na fito za mikoko kwenye maji ya mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kuzitumia. Walisema mti unatakiwa uteme utamu wake ili dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao, wasiutamani. Kwa chombo kilichokwisha kuundwa, tulipaka sifa (mafuta ya samaki) juu na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini, na kila kilipopandishwa pwani tulikipaka upya. Swali langu ni kwamba kuvu hii mnayoizungumzia, je, inaweza kukaa kwenye ubao wa chombo kinachoingia na kutoka majini? Na vipi kuhusu mchwa, ambao kwa nyumba zetu ndio wanaomaliza nguzo kabla uozo haujafika?

Msitu_Rondo

Shikamoo mzee. Maneno ya wazee kuhusu utamu wa mti yana mantiki kamili. Gogo lililozama halina hewa, na kuvu za madoa haziwezi kukua bila oksijeni. Wakati huohuo maji huondoa taratibu sehemu ya sukari ambayo kuvu na dumuzi huifuata. Kwa gogo la mwembe au la mnazi lisiloweza kupasuliwa haraka, kulizamisha mpaka siku ya kupasua bado ni njia nzuri kuliko kulilaza juani likipasuka vichwa. Hata mnazi, ambao ndani yake ni laini na una sukari nyingi, hunufaika na jambo hilo.

Kuhusu chombo, hapana. Ubao unaoloweshwa na maji ya chumvi kila siku na kusuguliwa na mawimbi haubaki na kuvu rafiki juu yake, na Trikoderma haina lolote kwa minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Endeleeni na sifa na deheni.

Kuhusu mchwa, Trikoderma haiwazuii. Ipo kuvu nyingine, Metarhizium, ambayo huwaua wadudu, mchwa wakiwemo. Kwenye maabara inafanya vizuri, lakini kwenye kichuguu mchwa husafishana miili na kuwazika au kuwatenga wagonjwa, hivyo mafanikio ya nje hupungua sana. Mwenye kujenga nguzo ardhini achague moyo wa mkongo au mninga, au nguzo iliyotiwa dawa kwa shinikizo. Huko Uskoti walijaribu kuingiza Trikoderma kwenye nguzo za umeme zilizokwisha kupakwa kreosoti, dawa nyeusi kama lami, ili kuzuia kuvu iitwayo Lentinus lepideus ndani ya nguzo, na matokeo ya uwanjani hayakuwa ya kuaminika kama yale ya maabara. Udongo una viumbe wengi mno, mvua na joto hubadilika, na kuvu rafiki iliyokuwa bingwa kwenye kisahani cha maabara hujikuta mgeni. Kwa hiyo mtu yeyote atakayewaambia kwamba Trikoderma itafanya nguzo ya mwembe idumu miaka 20 ardhini, msimwamini.

Kijana_Nachingwea

Mkuu wa Rondo, nashukuru kwa darasa hili. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini tusitumie boraksi tu, ile chumvi ya boroni, ambayo watu wanasema haina sumu kubwa? Pili, ile Ophiostoma isiyo na rangi uliyoisifu, mtu anaweza kuiagiza kutoka nje kwa mtandao akaijaribu?

Msitu_Rondo

Boraksi ni nzuri, na kwa mbao za ndani ya nyumba ninaipendekeza bila wasiwasi. Sumu yake kwa binadamu ni ndogo ukilinganisha na pentaklorofenoli iliyokuwa ikitumika sana zamani dhidi ya madoa, ambayo mwaka 2015 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa kemikali zinazodumu kwenye mazingira. Udhaifu wa boraksi ni kwamba mvua huiosha, kwa hiyo rundo lisilofunikwa hupoteza dawa yake. Anayetaka kujifunza alinganishe mwenyewe, ubao kwa ubao.

Swali la pili nalijibu kwa uzito: usiagize kiumbe hai kwa njia za panya. Kuingiza kuvu nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao yake Arusha, na sharti hilo si urasimu mtupu. Jamaa za karibu za kuvu hizo ni magonjwa ya miti, na sisi tunaishi kwa korosho. Mwenye nia ya utafiti aende Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, au Chuo Kikuu cha Sokoine, vyote vya Morogoro. Huenda hata kuvu tunayoihitaji iko tayari kwenye visiki vya Rondo ikisubiri mtu wa kuitenga.

FundiMikindani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba, kwa sababu niliahidi moyoni kwamba nitaleta majibu na si maswali tu.

Magogo yale matatu niliyaangusha mwenyewe na vijana wawili. Asubuhi tuliyaangusha, mchana tukayapasua, jioni tukapulizia, isipokuwa gogo moja nitakalolieleza. Niligawa mbao makundi matatu: kundi la kwanza Trikoderma, la pili boraksi, la tatu bila kitu. Zote zilipangwa juu ya matofali, kiasi cha goti kutoka chini, zikiwa na vijiti katikati ili upepo upite, chini ya bati lililo wazi pande zote. Unyevu niliupima kwa kipande kidogo: kikiwa kibichi kilikuwa gramu 640, kilipokauka kabisa kwenye oveni kikabaki gramu 400, maana yake maji yalikuwa gramu 240, sawa na asilimia 60 ya uzito mkavu. Kipande kingine nilikiacha kwenye rundo nikawa nakipima kila Ijumaa, na sasa hakishuki tena, kiko karibu na asilimia 16, ambayo kwa hewa yetu ya pwani nadhani ndiyo mwisho wake.

Zile zisizo na kitu ziliingia weusi, nyingi kama mwanzo. Za boraksi ni safi, isipokuwa zile mbili za pembeni zilizopigwa na mvua ya upepo. Za Trikoderma zilinitisha wiki ya pili kwa ukijani, mpaka mke wangu akasema nizitupe, lakini jana nimeziranda na nyingi zimetoka nyeupe kabisa. Tatu zina doa la samawati vichwani, kiasi cha kiganja, na ninajua sababu: gogo la tatu tulichelewa kulipasua, likalala usiku mmoja nje bila vichwa vyake kupuliziwa. Usiku mmoja tu, Msitu_Rondo, kama ulivyosema.

Kwa kazi inayofuata nitapulizia vichwa vya gogo palepale shambani kabla sijalipakia, na nitajaribu kundi la nne la mbao za paini kutoka Mafinga, ingawa hizo hunifikia zikiwa zimekwisha kusafiri, hivyo sina matumaini makubwa nazo.

MamaUyoga, maranda ya Trikoderma nimeyaweka kwenye magunia matano ya buluu na yameondoka leo kwenda kwa wachoma matofali. Yaliyo kwenye magunia meupe ni ya mninga na mkongo, hayajaguswa na chochote na yalirandwa kabla ya jaribio hili, ila yalikaa banda moja na yale mengine. Nisingependa kukuuzia hata hayo mpaka nipate banda la pili.

MamaUyoga_Masasi

Ahsante sana, Fundi. Ukipata banda la pili nijulishe, nitakuja mwenyewe na gari kuyachukua.